Redio ya Valvu Yenye Volti Mbovu: Jinsi ya Kumpata Mkosaji kwa Mita na Balbu Mbili

Mzee mmoja wa Tanga aliniletea redio ya mbao ya valvu (zile taa za kioo zilizotangulia transista), ya mwishoni mwa miaka ya 1950, imefungwa kanga kama mtoto. Ilikuwa imeshapita kwa mafundi wawili. Wote walipima umeme wa juu, yaani zile volti kubwa zinazoendesha valvu, wakakuta volti 170 mahali penye kutakiwa 250, wote wakasema rektifaya (kifaa kinachogeuza AC kuwa DC) imechoka, wote wakamuuzia nyingine. Dukani ikiwashwa dakika tano inaimba vizuri. Akifika nyumbani, nusu saa haiishi, sauti inakwaruza na transfoma inanuka. Nilizipima rektifaya zote tatu alizonazo: nzima. Mkosaji alikuwa kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, moja ndogo kama kipande cha chaki, iliyokaa upande wa pili wa chasisi, yaani fremu ya bati, ambayo ikipata joto inavujisha.

Wale mafundi sikuwashangaa, maana nami nimewahi kuuza rektifaya isiyohitajika. Volti unayoisoma kwenye mita inaamuliwa na pande mbili. Kuna mlishaji, yaani transfoma, rektifaya na kapasita za kuchuja. Na kuna mlaji, yaani valvu zote zilizobaki na vitu vyake. Volti zikishuka, ama mlishaji kadhoofika ama mlaji kawa mlafi, na mita peke yake haikuambii ni yupi. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kuwatenganisha hawa wawili.

Kabla hujagusa

Umeme wa juu wa redio ya valvu ni volti 200 hadi 350 za DC, na unaua. Kapasita kubwa huushika hata baada ya kuchomoa plagi. Tengeneza kifaa cha kuumaliza: rezista ya 10 kΩ ya wati 5, ncha moja na klipu ya mamba, ncha nyingine na kijiti chenye kishikio cha plastiki. Bana klipu kwenye hasi ya kapasita, gusa chanya kwa sekunde tano, kisha pima kwa mita uhakikishe imeshuka chini ya volti 10. Usitumie bisibisi. Cheche zake zinaumiza kapasita, na siku moja zitakuumiza wewe.

Ukipima umeme ukiwa umewashwa, waya mweusi wa mita uubane kwa klipu, kisha tumia mkono mmoja tu, ule mwingine uwe mfukoni. Vaa viatu. Kama mko pwani na sakafu ya saruji ina unyevu, weka ubao chini. Watoto wasiwepo.

Sasa tazama majina ya valvu, kwa sababu yanakuambia unashika redio ya aina gani. Herufi ya kwanza kwenye valvu za Ulaya inaeleza hita, ule waya unaoipasha valvu joto. E ni volti 6.3, kama ECH81, EF89, EABC80, EL84 na EZ80. Hizi karibu daima zina transfoma, na ndizo nitakazozifuata katika mwongozo huu. A ni volti 4, za redio za zamani zaidi zenye rektifaya kama AZ1. D ni za betri, volti 1.4 hivi, zilizokuwa zikitumia betri kavu ya volti 90 vijijini ambako hakukuwa na umeme. Hizo hazituhusu leo. U ni hita za miliampea 100 zilizofungwa mfululizo, kama UCH81, UF89, UABC80, UL84 na UY85.

Ukiona U, simama kwanza. Redio hizo kwa kawaida hazina transfoma, na chasisi yake imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikigeuzwa, chasisi nzima inakuwa waya wa moto, na skrubu ndogo iliyo ndani ya kitufe cha sauti pia. Usiifungue ikiwa imewashwa mpaka uwe na transfoma ya kutenganisha, ile ya 240 kwa 240. Tester ya bisibisi haitoshi kuwa kinga. Mwishoni nitasema maneno machache kuhusu hizi.

Vifaa

Mita ya kawaida ya kidijitali inatosha, ila nyaya zake ziwe nzima na ziandikwe volti 600 au zaidi. Ongeza kapasita ya filamu ya 0.1 µF ya volti 630, utaona kazi yake. Halafu balbu mbili, na zote ziwe za nyuzi, zile za zamani zinazochoma mkono. LED hazifai kabisa.

Balbu ya kwanza naiita mlinzi. Inafungwa mfululizo kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye redio. Nunua holda, iwe na nafasi ya kubadilisha balbu: 40 W kwa kupima transfoma pekee, 100 W kwa redio yenye valvu. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu yote na redio inabaki salama. Hii imeniokolea transfoma nyingi kuliko fyuzi yoyote.

Balbu ya pili ni ile ndogo ya friji, 15 W. Kwa volti 230 inakula miliampea 65, na hizo ndizo karibu zile zile ambazo redio ya valvu tano au sita inakula kwenye umeme wa juu. Kwa hiyo inaweza kukaa mahali pa redio na kumjaribu mlishaji peke yake. Holda yake iwe ya plastiki na miunganisho ifunikwe, kwa sababu itakuwa na volti 250 hadi 290 za DC.

Hatua ya kwanza: plagi ikiwa nje

Usiwashe redio uliyoikuta stoo "kuona kama inaimba." Iliyokaa miaka thelathini ikiwashwa ghafla inaweza kuimba dakika mbili, halafu ikachoma kitu ambacho hakipatikani tena.

Tazama waya wa umeme. Mpira wa enzi zile hukauka ukapukutika ukiukunja. Ukiwa hivyo badilisha wote. Ondoa vumbi, nyumba za nyigu, kinyesi cha mende. Kinyesi hicho kikipata unyevu hupitisha umeme. Angalia kama transfoma imetoa nta au ina harufu ya kuungua, na kama kapasita kubwa ya bati imevimba au imetoa ute.

Nyuma au chini kuna kichagua volteji, yenye namba kama 110, 127, 220 na 240. Watu wengi hawaigusi, na hapo ndipo nusu ya malalamiko ya volti yanapoanza. Redio iliyowekwa 220 ikipewa 240 inapata hita za volti 6.87 badala ya 6.3. Usiku wa manane umeme ukipanda hadi 250, hita zinafika 7.16, ambayo ni asilimia 13 na ushee kupita kiasi. Valvu itaishi, lakini kwa muda mfupi. Weka 240 au 245 kama ipo.

Weka mita kwenye ohmu, washa swichi ya redio bila kuchomeka, pima kati ya pini mbili za plagi. Transfoma nzima huonyesha kati ya ohmu 20 na 60 hivi. Ikionyesha wazi kabisa, fuata njia kidogo kidogo: waya, swichi (mara nyingi iko nyuma ya kitufe cha sauti), fyuzi, kichagua volteji chenye kutu. Transfoma nyingine zina fyuzi ya joto, kispringi kilicholehemiwa kwa risasi laini, ambacho huachia transfoma ikichemka. Ukikikuta kimeachia, kuna kitu kilichoichemsha. Usikirudishe kabla hujakijua.

Sasa pima ohmu kati ya umeme wa juu na chasisi. Kwenye EZ80, ambayo ndiyo rektifaya, gusa pini namba 3, ambayo ni kathodi, mahali umeme wa juu unapotokea. Mita itaanza chini kisha itapanda polepole kadiri kapasita zinavyojaa. Ikiishia juu ya 20 kΩ, endelea. Ikiganda chini ya 1 kΩ, kuna shoti: achanisha kapasita kubwa, upime tena, na ukikuta bado ipo, nenda ukatenge matawi ya umeme wa juu moja moja.

Hatua ya pili: transfoma peke yake

Chomoa valvu zote. Kila moja iandike kwa penseli kwenye karatasi iliyochorwa chasisi. Usiandike juu ya kioo wala usikisugue, maana maandishi ya kiwandani hufutika kwa kidole chenye maji.

Washa kupitia mlinzi wa 40 W. Balbu imulike kidogo kisha ififie karibu kuzima. Ikibaki inang'aa, chomoa taa za kioo cha stesheni na uachanishe ile kapasita iliyolazwa kati ya nyaya mbili za umeme wa ukutani, kama ipo. Kapasita hizo za karatasi hupasuka kwa mshindo, kwa hiyo hata kama ni nzima ibadilishe na uweke ya daraja la X2. Balbu ikiendelea kung'aa na hakuna chochote kilichoungwa, transfoma ina mizunguko iliyogusana. Hapo ni kusukwa upya.

Mita kwenye AC: hita zinasoma 6.5 hadi 7 kwa sababu hazina mzigo. Kisha pima kutoka chasisi hadi pini 1 ya soketi ya EZ80, na kutoka chasisi hadi pini 7. Nusu hizi mbili zinatakiwa zifanane, tuseme 262 na 265. Tofauti ya volti chache ni ya kawaida. Tofauti ya 30 si ya kawaida.

Redio nyingi za Kijerumani hazina valvu ya rektifaya. Zina kisahani cha seleni, mara nyingi kimeandikwa B250C75. Hapo kuchomoa valvu hakutoshi, ni lazima uachanishe waya mmoja wa AC. Na seleni ikiungua, harufu yake ni ya yai viza au vitunguu vilivyooza, na moshi wake una sumu. Zima, fungua madirisha, toka nje.

Hatua ya tatu: hita

Rudisha valvu zote isipokuwa rektifaya. Tumia mlinzi wa 100 W kwanza, ukiona hakuna balaa mtoe, kwa sababu akiwepo volti zote zinashuka na kipimo chako kinakuwa cha uongo. Pima AC kwenye pini 4 na 5 za EL84. Kati ya 5.9 na 6.7 ni sawa.

Ikiwa kwenye transfoma ni 6.3 na kwenye valvu ni 5.6, umeme unapotea njiani. Valvu tano za redio ya aina hii hula ampea 2 za hita bila kuhesabu rektifaya, kwa hiyo kutu yenye robo tatu tu ya ohmu moja ingemeza volti moja na nusu. Pwani hili ni jambo la kila siku. Safisha pini na soketi kwa spiriti safi na kijiti, kaza midomo ya soketi kwa sindano, lehemu upya pale risasi ilipokuwa ya kijivu.

Hatua ya nne: kapasita kubwa

Kwa kawaida ni mkebe mmoja wenye kapasita mbili ndani, 50 na 50 µF za volti 350. Kuna wanaozifufua kwa kuzipa umeme polepole kupitia rezista kubwa. Inawezekana: ukiweka 22 kΩ mfululizo na baada ya saa moja ukasoma volti 22 kwenye rezista, maana yake uvujaji umebaki miliampea 1, na hiyo inapita. Mimi siku hizi nafanya hivyo kwa redio za makumbusho tu. Kapasita mpya mbili za 47 µF, volti 450, ni rahisi kuliko transfoma moja.

Zifiche chini ya chasisi, mkebe wa zamani uuache juu kwa sura. Lakini uachanishe kabisa. Kuiweka mpya sambamba na iliyokufa ni kumlaza mgonjwa kitanda kimoja na mzima.

Mambo mawili yanawaponza wengi hapa. La kwanza ni kuongeza ukubwa: "nimeweka 220 ili isingurume." EZ80 imeruhusiwa 50 µF tu kwenye kapasita ya kwanza. Ukizidisha, kila mara kapasita inapojazwa mkondo unaruka juu na kuchoma kathodi. La pili ni hasi. Kwenye baadhi ya redio, hasi ya mkebe haikai kwenye chasisi. Utaona kipande cha karatasi ngumu chini ya mkebe kinachoutenga, na rezista ya makumi ya ohmu kati ya transfoma na chasisi. Rezista hiyo ndiyo inayotoa volti hasi za gridi (sehemu inayodhibiti mkondo) ya valvu ya mwisho, EL84. Ukipeleka hasi ya kapasita mpya kwenye chasisi kwa mazoea, umevuruga volti hizo na utapata mngurumo usiojua ulikotoka. Irudishe pale pale ilipokuwa ya zamani.

Hatua ya tano: balbu ya friji

Acha EZ80 tu kwenye soketi yake. Valvu nyingine zote zitoke. Bana balbu ya 15 W kati ya chanya na hasi ya kapasita ya kwanza, *kabla* ya kuwasha. Sharti hili usilivunje: transfoma ya 2×250 V ikiwa haina mzigo hupandisha kapasita hadi volti 350, na hapo kapasita ya volti 350 iko ukingoni.

Washa kupitia mlinzi wa 100 W. EZ80 inachukua nusu dakika kupata joto, kisha balbu ya friji inaanza kumulika taratibu. Mzuri sana kuutazama, mwanga huo. Mlinzi akitulia, mtoe na upime tena: tarajia 250 hadi 290 za DC kwa transfoma ya 2×250. Balbu itang'aa kupita kawaida yake, kwa hiyo usiiache zaidi ya dakika chache.

Ukipata volti hizo, mlishaji ni mzima. Mwache, usimguse tena, hata kama redio ikiwa kamili ilikuwa inasoma 170.

Ukipata chini yake, mgonjwa ni mlishaji, na sasa tumia ile kapasita ya 0.1 µF. Iweke mfululizo na waya mwekundu wa mita, mita iwe AC, upime mawimbi, yaani mabaki ya AC yasiyochujwa, kwenye kapasita ya kwanza. Kwa 50 µF na mzigo huu ni volti 3 hadi 5. Ukisoma 20 au 30, huku DC ikiwa imeanguka karibu na 200 au chini yake, kapasita ya kwanza imekauka au mguu wake umeachia. Mawimbi yakiwa ya kawaida lakini DC iko chini, rektifaya imechoka kweli, na hapo ndipo ununue nyingine. Kwa kupima tu, EZ81 inaingia kwenye soketi ile ile kwa pini zile zile, ila hita yake inakula ampea 1 badala ya 0.6, kwa hiyo usiifanye makazi ya kudumu kama transfoma ni ndogo.

Kama mita yako ina kipimo cha Hz, soma pia hapo. Nusu zote mbili zikifanya kazi, mawimbi ni 100 Hz. Ukisoma 50, nusu moja imekufa: ama anodi (sehemu inayopokea mkondo) moja ya valvu, ama soketi, ama waya wa transfoma. Uliishapima pini 1 na 7 katika hatua ya pili, kwa hiyo unajua tayari kama transfoma ni safi.

Hatua ya sita: mlaji

Toa balbu ya friji, maliza umeme wa kapasita, rudisha EL84 na wenzake. Mwanzoni mlinzi arudi.

EL84, valvu ya mwisho inayoendesha spika, peke yake inakula zaidi ya nusu ya umeme wa juu wote, kwa hiyo anza nayo. Bana mita ya DC kwenye kathodi yake, pini 3, na chasisi. Isipokuwa kwenye zile redio za hatua ya nne zenye rezista ya volti hasi, kathodi hukaa juu ya rezista ya ohmu 130 hadi 170. Soma volti, gawa kwa ohmu, umepata mkondo. Volti 7 kwa ohmu 150 ni miliampea 47, afya tupu. Volti 12 kwa ohmu hizo hizo ni miliampea 80, na hapo valvu inachemka: kwa volti 250 ni wati 20 wakati anodi yake imeruhusiwa 12.

Ukikuta ulafi huo, pima pini 2, gridi. Inatakiwa iwe sifuri, au hasi kidogo. Acha redio iwake dakika ishirini, upime tena. Ikipanda hadi nusu volti chanya, volti mbili, tano, umempata. Zima, chomoa upande mmoja wa kapasita inayounganisha anodi ya EABC80, valvu inayoitangulia, na gridi ya EL84. Ni ya 10 au 22 nF, mara nyingi ya karatasi iliyofunikwa nta au lami. Washa tena. Chanya ikitoweka, kapasita ilikuwa inavuja. Chanya ikibaki wakati hakuna kapasita, EL84 yenyewe ina gesi ndani au gridi yake imechafuka, na inahitaji kubadilishwa.

Hicho ndicho kilichokuwa kwenye redio ya mzee wa Tanga. Kapasita ya 10 nF, ikiwa baridi haina neno, ikipata joto inapitisha volti 4 kwenye gridi. EL84 inafungua mdomo, rektifaya inabanwa, volti zinaanguka, transfoma inanuka, na lawama inamwangukia rektifaya. Badilisha kapasita hii hata kama inaonekana nzima, kwa ya filamu ya volti 630. Sijawahi kukuta ya karatasi ya miaka ile ambayo haivuji kabisa.

Makosa mengine ya huku nayapitia haraka. Kathodi ikisoma sifuri huku valvu ikichemka, kapasita iliyo sambamba na rezista ya kathodi imepiga shoti. Pini 7 ikiwa haina volti wakati pini 9 ina 250, transfoma ya spika imekatika: zima hapo hapo, kwa sababu gridi ya pili (hiyo pini 9) inageuka nyekundu kama mkaa. Kapasita ndogo inayotoka anodi ya EL84 kwenda chasisi au sambamba na transfoma ya spika ikipiga shoti inaichoma transfoma hiyo. Weka ya volti 1000 au zaidi. Na rezista ya 22 hadi 47 kΩ iliyobadilika rangi karibu na ECH81 au EF89 inakuonyesha kapasita ya gridi ya pili inavuja. Mahali hapo panatakiwa pawe na volti 80 hadi 100, na ukipima utakuta 30.

Volti zikiwa juu mno

Hili linasahaulika, kwa sababu redio inaweza kuimba vizuri tu. Umeme wa juu ukisoma 310 badala ya 250, kwanza uliza kama mlaji anakula: EL84 iliyochoka au rezista ya kathodi iliyokatika huacha volti zipande. Pili, tazama kama kuna fundi aliyeweka daioda mahali pa seleni. Si kosa, 1N4007 nne ni kazi safi, lakini seleni ilikuwa inameza volti nyingi na daioda hazimezi karibu chochote. Ongeza rezista ya 100 hadi 220 Ω, wati 5 au 10, kati ya daioda na kapasita ya kwanza, uibadilishe mpaka volti zilingane na mchoro.

Tatu, umeme wa ukutani. Kama kichagua volteji kinaishia 220 na mtaa wako unapata 240 hadi 250, tafuta transfoma ndogo yenye sekondari ya volti 24, ampea 1. Praimari iunge kwenye umeme wa ukutani, na sekondari iiunge mfululizo na redio, lakini kwa kupingana. Jaribu kwanza kwa balbu badala ya redio: ukisoma 216 hadi 226 umepatia, ukisoma 264 hadi 274 geuza nyaya mbili za sekondari. Ifungie kwenye sanduku lenye fyuzi.

Maneno niliyoahidi kuhusu redio za U

Hita zake ni mnyororo. UY85 inameza volti 38, UL84 45, UCH81 19, UF89 12.6, UABC80 28.5; jumla 143. Volti 87 zinazobaki kwenye umeme wa 230 huangukia kwenye rezista kubwa ya ohmu 870 hivi, inayotoa karibu wati 9 za joto. Moja ikikatika, zote zinazima. Usimtafute aliyekatika kwa kupima volti, kwa sababu juu ya valvu iliyokatika utakuta umeme wote wa ukutani. Chomoa plagi, pima hita kwa ohmu moja moja. Na rektifaya hapa ni ya nusu wimbi, kwa hiyo mawimbi ya 50 Hz ni ya kawaida, usidanganyike ukaanza kutafuta nusu iliyokufa. Balbu ya friji haifanyi kazi hapa, kwani ukichomoa valvu moja mnyororo wote unakatika. Nenda moja kwa moja kwenye gridi ya UL84 ukapime kapasita yake, kwa namna ile ile.

Kumaliza

Iache redio iwake saa nzima bila mlinzi, mgongo ukiwa umefunguliwa, nawe uwepo. Gusa transfoma kwa mgongo wa mkono baada ya kuzima: joto sawa, ila mkono uweze kukaa. Kisha andika kwenye karatasi umeme wa ukutani siku hiyo, hita, kapasita ya kwanza, ya pili, kathodi na gridi ya EL84, pamoja na tarehe, uibandike ndani ya kasha. Fundi atakayeifungua baadaye, pengine wewe mwenyewe umri ukiwa umekwenda, ataanzia hapo.

Na kama ni ya Kijerumani yenye FM na hupati stesheni unayoipenda, usirudi kwenye volti. Mizani ya nyingi zao inaishia 100 MHz, na stesheni yako huenda iko 102.

Mzee wa Tanga alirudishiwa redio yake pamoja na zile rektifaya mbili za akiba. Akaniuliza azifanyie nini. Nikamwambia azitunze, zitamtosha yeye na wajukuu.